Nilicheka mchana kutwa, saa nane usiku nikaanza kuogopa

*Shikamoo mama. Nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuoni hapa Morogoro. Niliokoka nikiwa kidato cha tano nikahamia kanisa la kiroho, na tangu hapo baba, ambaye ni mzee wa kanisa Anglikana huko Dodoma, alikuwa ananijibu kwa mkato tu. Jumapili iliyopita nilipewa kuongoza sifa kwa mara ya kwanza. Katikati ya pambio la pili nikawaona baba na mama wamekaa benchi la nyuma! Walikuja na treni ya asubuhi bila kuniambia. Baada ya ibada tulikula pamoja, na kijana tunayependana naye, yuko mwaka wa mwisho na tunasali wote, akaja kuwasalimia. Alimnawisha baba mikono. Baba akamwuliza kwao wapi, wakacheka. Mama alinibebea zabibu. Sijawahi kuwa na siku kama ile. Saa mbili usiku yule kijana akanipigia, akasema Mungu ameshasema leo, baba ameshamkubali, anataka kuleta barua ya posa kabla hajamaliza chuo. Nikalala nacheka. Saa nane nikaamka moyo unadunda. Kwetu tulizoea kuambiwa ukicheka sana utalia, na ninayekaa naye chumba kimoja naye kanijibu hivyohivyo. Je, siku ile ilikuwa ishara? Na kama ni ishara, kwa nini naogopa?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mshauri, kalamu mkononi, natafuta tatizo liko wapi. Mara ya pili niliisoma kama mama wa mabinti, nikakwama kwenye zile zabibu. Mtu aliyewahi kusafiri na zabibu za Dodoma anajua zinavyopondeka. Mama yako hakuzitupia kwenye mfuko wa rambo akaziweka miguuni. Najua alizipakata njia nzima. Kwa hiyo kabla sijakujibu lolote, ngoja nikwambie hongera. Watu huniandikia siku za vilio. Wewe umeniandikia siku ya furaha, na kwa kazi yangu hii, hiyo ni barua adimu.

Tuanze na hofu, kwa sababu ndiyo iliyokuamsha.

"Ukicheka sana utalia" wazazi wetu waliisema jioni, watoto wakiwa wanakimbizana ndani, kibatari kiko chini, chai iko jikoni. Na kweli, dakika tano baadaye mmoja anagonga kichwa kwenye mlango, analia. Maneno yalikuwa ya kutuliza vurugu. Shida ni kwamba tumekua nayo, na leo mtu mzima akifurahi anaanza kutazama mlango utakaomgonga. Jicho likicheza kidogo, basi, ni msiba. Wala hili si letu peke yetu. Mwanasaikolojia Mohsen Joshanloo na wenzake walitengeneza maswali ya kupima hofu ya aina hii, wakayapeleka katika mataifa 14, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Imani kwamba furaha ikizidi inaita balaa waliikuta kwa watu wa mila na dini tofauti kabisa. Kwa hiyo huna ugonjwa, na siku nzuri haina deni ambalo usiku unakuja kudai.

Halafu tazama mwili wako ulipitia nini. Uliongoza sifa mara ya kwanza, maana yake usiku wa kuamkia Jumapili hukulala vizuri. Uliwaona wazazi ghafla ukiwa umeshika kipaza sauti. Mezani ulikuwa unamtazama baba jicho moja, kijana jicho la pili, na chakula sidhani kama kilipita. Jioni ukapigiwa simu ya posa. Mwili uliobeba yote hayo kwa siku moja kuamka saa nane moyo unadunda ni jambo la kawaida. Najua ukiwasimulia wenzako wa maombi, wapo watakaokwambia ni shetani anataka kuiba furaha yako, ukemee. Mimi nasema kunywa maji, geuza mto, lala. Ukitaka kuomba, shukuru.

Kuhusu mwenzako wa chumbani, usimkasirikie, ila jifunze kitu. Mtafiti Shelly Gable na wenzake huko Marekani waliandika mwaka 2004 kuhusu namna watu wanavyopokea habari njema za wenzao. Kuna anayefurahi nawe na kukuuliza: ikawaje, baba akasema nini, ulivaa nini? Kuna anayesema "safi" huku anaangalia simu. Kuna anayekutafutia kasoro, na kuna anayegeuzia habari kwake. Miaka miwili baadaye walitoa kazi nyingine kuhusu wapenzi, wakaona kwamba jinsi mtu anavyopokea habari njema ya mwenzake inaeleza afya ya uhusiano wao kuliko hata anavyompokea akiwa na shida. Kwetu hili lina mantiki. Msibani kila mtu anakuja, hata asiyekupenda analeta unga. Anayeweza kukaa na furaha yako bila kuipunguza, huyo ni wa kuhesabu. Rafiki yako hakuweza usiku ule. Labda alikuwa na ya kwake. Msimulie mama yako, au shangazi, mtu atakayekuuliza ulivaa nini.

Na hapo hapo nikuulize: ulipomsimulia kijana wako jinsi ulivyojisikia kumwona baba kwenye lile benchi la nyuma, alikuuliza nini? Kwenye barua yako sijaona. Nimeona kwamba alipiga simu saa mbili usiku na kuzungumzia barua yake. Simhukumu. Kijana aliyetoka kukutana na baba mkwe mtarajiwa naye kichwa kinamzunguka. Lakini nimeliweka pembeni, nawe liweke.

Sasa ishara.

Nimekaa na vijana wa vyuo miaka mingi, wa vyama vya wanafunzi Wakristo, USCF, TAFES, CASFETA, na Wakatoliki wa TMCS wanaokuja kwa kujificha kidogo, na neno lililonipa kazi kuliko yote ni "Mungu amenionyesha". Mwaka mmoja ndugu watatu walioteshwa dada mmoja, wote ndani ya muhula mmoja, na mmoja alioteshwa hadi rangi ya gauni. Yule dada aliolewa na mtu wa nne, ambaye hakuoteshwa kitu, alimwomba namba ya simu kwenye foleni ya maktaba. Sisemi Mungu haonyeshi. Nasema kuonyeshwa hakujawahi kumwondolea mtu kazi ya kuuliza.

Fungua Mwanzo 24. Mimi naiita sura ya mshenga, maana mtumishi wa Ibrahimu alikuwa mshenga hasa, mtu mzima aliyetumwa na familia, na ngamia kumi wa zawadi. Aliomba ishara kisimani: binti atakayemnywesha yeye na ngamia wake pia, ndiye. Kabla hajamaliza kuomba, Rebeka huyu hapa na mtungi begani. Ishara gani tena mtu angetaka? Lakini angalia alichofanya. Alinyamaza akamkazia macho, ili ajue kama safari imefanikiwa au la. Ishara imetokea mbele yake, naye bado anatazama! Kisha akauliza: binti wa nani wewe? Kisha akaenda nyumbani kwao, akawekewa chakula, akakataa kula mpaka aseme shida yake. Rebeka alikuwa ameshakimbia kupeleka habari kwenye nyumba ya mama yake. Hata yeye alijua habari za namna hii zinaanzia wapi. Na baada ya kaka na wazazi kukubali, bado wakamwita binti mwenyewe wakamwuliza kama atakwenda na mtu yule. Akasema atakwenda. Hesabu ni mara ngapi waliuliza baada ya ishara kutokea. Wewe mwanangu, kwenye ile simu ya saa mbili, uliulizwa?

Nina sababu ya kukukazania hapa. Nilipokuwa na umri wako, kijana alikuja kwetu siku ya kipaimara cha mdogo wangu. Nyumba imejaa, sufuria za pilau ziko nje, bibi amekuja kutoka kijijini, na baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kucheza, alicheza. Kijana akatambulishwa katikati ya ngoma. Kila mtu akampenda. Mimi nilisimama mlangoni kwa jikoni, kitambaa begani, nikasema moyoni: Bwana, umesema. Miezi minne baadaye ndipo tulipojua kwamba ana mke na mtoto mkoa mwingine. Hakuna aliyekuwa ametuficha kwa ustadi mkubwa. Ni kwamba hakuna aliyeuliza. Shangazi yangu, ambaye kwa kawaida angepanda basi siku ya pili kwenda kuchunguza ukoo, alisema hakuona sababu, "tulikuwa tumefurahi mno." Kipaimara cha mdogo wangu kilikuwa cha kweli. Baba alicheza kweli. Kosa langu lilikuwa kuichukua furaha ya watu wote waliokuwa pale nikamvisha mtu mmoja.

Na ndicho ninachokiona kwenye Jumapili yako. Zilikuwa furaha tatu, zikaja na usafiri mmoja. Ulimsifu Mungu mbele za watu na hukutetemeka: hiyo ni yako na Mungu wako, na ingebaki nzuri hata kama benchi la nyuma lingekuwa tupu. Baba alikuja: hiyo ni ya nyumba yenu. Kijana alikuwa na adabu: hiyo ni yake. Ukizifunga pamoja ukaziita "Mungu ameshasema", siku kijana akikukwaza utaona wokovu wenyewe umetikisika, na baba akisema hapana kwenye posa utaona amekataa tena imani yako. Nadhani hofu ya saa nane ilikuwa na akili kidogo. Ilihisi mzigo umefungwa kamba moja.

Hebu tukae kwa baba, maana hapa ndipo penye utajiri.

Treni ya SGR imeanza kufika Dodoma katikati ya 2024. Kabla ya hapo angekuja kwa basi, kilomita zipatazo 260, saa nne au tano za barabara. Hata kwa treni, kuwahi ibada ya asubuhi Morogoro ni kuamka usiku, kwenda stesheni giza, na kwa mzee wa kanisa ni kuacha zamu yake Jumapili, jambo ambalo wenzake lazima wamemwuliza. Aliwajibu nini? Sijui, ila alikuja. Akakaa benchi la nyuma, kwenye kanisa ambalo miaka yote hii alilikasirikia, akasikiliza mapambio ambayo huenda hayapendi. Hakusema samahani. Baba zetu wengi hawana hilo neno. Wanalo la kupanda treni.

Sasa kijana wako anasema baba ameshamkubali. Baba yako alikubali nini hasa? Alinawishwa mikono, akaitikia salamu, akauliza "kwenu wapi". Kunawishwa mikono ni adabu, na naisifu. Mwanamume kijana anayeshika jagi na beseni akainama mbele ya mzee bila kuambiwa amelelewa. Lakini mgeni yeyote mwenye adabu angefanya vile. Na "kwenu wapi" kwa mzee wa Kitanzania siyo ndiyo. Ni swali la kwanza kati ya mengi. Akirudi nyumbani anamwambia mama yenu jina la ukoo, mama anampigia shangazi, shangazi anamfahamu mtu aliyewahi kufundisha kule. Uchunguzi ndiyo umeanza. Barua ikifika wiki mbili baadaye, mzee ataona alikwenda kumwona binti yake, kumbe alikuwa anapelekwa kwa mkwe. Aliyekuja kimyakimya kupatana na mwanawe hapaswi kugundua kwamba safari yake imegeuzwa kuwa hatua ya posa ya mtu mwingine.

Tena kuna jambo ambalo sijui kama mmelizungumza: ndoa itafungwa kanisa gani? Mzee wa kanisa Anglikana ana ndoto zake kuhusu siku ya kumshika binti mkono. Kuja ibada moja hakujaliondoa hilo. Lizungumzeni ninyi wawili kwanza, kabla matangazo hayajasomwa popote, maana nimeona posa zilizolipwa mahari yote zikavunjikia mlango wa kanisa.

Kwa hiyo barua isubiri. Mwambie kijana kwa upole, na utazame atakavyopokea, maana jibu lake litakufundisha zaidi ya ile simu. Akisema "sawa, tusubiri nimalize mitihani, niende kwanza kwa wazee wangu", vizuri. Akisema unampinga Mungu, nitafute haraka.

Nakwambia hivi kwa sababu watu wa chuo huichukulia barua ya posa kama kadi ya mapenzi. Ni barua ya ukoo kwa ukoo. Mshenga anaipeleka ikiwa na kishika uchumba ndani ya bahasha, wajomba na mashangazi wanaitwa, unaitwa na wewe uulizwe kama unawafahamu hawa watu. Huko kwenu bado kuna wazee wanaotaja mahari kwa ng'ombe, hata kama mwisho yanalipwa kwa fedha. Na sheria nayo imo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mahari yasipolipwa ndoa haiharibiki, na haimlazimishi mtu kumwoa aliyemwahidi, lakini aliyevunjiwa ahadi ya ndoa anaweza kudai fidia mahakamani, na zawadi zilizotolewa kwa kutegemea ndoa zinaweza kudaiwa zirudi. Ikifika siku ya ndoa yenyewe, kuna taarifa ya siku 21 inayotakiwa kutolewa kabla. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanyika kwa furaha ya jioni moja.

Wakati mnasubiri, yapo ya kuzungumza ambayo hayana utamu. Kama nyote mna mkopo wa Bodi ya Mikopo, ukianza kazi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Nyumba ya watu wawili wenye makato hayo inahitaji hesabu. Pimeni VVU, makanisa mengi yatawataka mpime hata hivyo. Na pimeni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hili vijana wengi hawalijui: Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu duniani, na wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vyake bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Ni kipimo cha damu tu. Na bumu lako, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, lisiingie kwenye mipango yake, hata akisema mnakusanya pamoja. Masomo yako yana mwaka mmoja na kitu. Nayo yalikuwa ombi la baba yako kabla ya kijana yeyote kushika jagi.

Jumapili yenyewe iache kama ilivyokuwa. Chukua daftari uiandike yote kabla hujaisahau: pambio lilikuwa lipi, mama alivaa kitenge gani, baba alikaa upande upi wa benchi, zabibu ngapi zilifika nzima.

Halafu wiki hii mpigie baba. Usimtajie kijana. Usimwulize kwa nini alikuja, atakujibu kwa mkato utaumia bure. Mwamkie, mwulize walifikaje, na treni ya jioni ilijaa au la. Baba anayekaa kimya muda mrefu akishapata la kusimulia kuhusu treni, anaweza kusimulia nusu saa. Wewe msikilize, na umwulize aliketi dirishani au la.